Asali Haikutoka Ndanai

Chelangat mwanangu,

Mambo ya sanduku umeshaambiwa na mama yako: sweta ziwe juu, sabuni isikae pamoja na unga wa wimbi, kufuli ivutwe mara mbili kuhakikisha imeshika. Shangazi yako atakusubiri Kedowa pale anapouzia viazi kando ya barabara, na ninavyomjua hatakuacha upande gari la pili kabla hujala. Kwa hayo yote sina la kuongeza, na hata ningekuwa nalo mama yako angelisahihisha.

Nimewaacha kanisani mkinywa chai ya kukuaga. Nilisema narudi kumwangalia ndama anayeharisha. Ndama ni mzima, anaruka huku nje. Nilitaka saa mbili tatu za kukaa na karatasi hii kabla hujaondoka kesho, na sikujua njia nyingine ya kuzipata. Huo ni uongo mdogo na nimeukiri mapema, kwa sababu barua hii ni ya uongo mwingine, mkubwa, ambao wewe umeulamba kwa kijiko tangu hujaota meno.

Utashangaa pia kwamba nakuandikia Kiswahili, wakati hapa nyumbani Kikipsigis tunakisema hata na kuku. Uongo huo niliusema kwa Kiswahili, mbele ya watu, na ukaandikwa. Naona ni haki niufute kwa lugha ileile.

Ndani ya sweta ya kahawia utapata chupa ya jemu iliyojaa asali. Ni ileile unayoijua. Miaka yote tumewaambia ninyi watoto kwamba asali hiyo nainunua soko la Ndanai, kwa mzee mmoja wa kofia ya kaki. Ulipokuwa mdogo ulimpenda huyo mzee. Ukaniuliza kama ana watoto, nikakuambia anao watano. Ukataka majina, nikakupa majina. Chelangat, hakuna mzee wa kofia. Asali haikutoka Ndanai hata siku moja. Inatoka kwenye huo msitu wa serikali unaouona ukifungua mlango wa jikoni, kwenye mizinga saba ambayo babu yako aliniachia, na ambayo kwa sheria haikutakiwa kuwa pale, wala mimi.

Najua ulishashuku, huna ujinga huo. Lakini kushuku ni jambo moja, na kuambiwa na baba yako ni jambo lingine.

Unamkumbuka askari wa msitu aliyekuja langoni ukiwa darasa la tatu? Ulikuwa umeshika kipande cha sega, asali inatiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Baba yako ako wapi?" akakuuliza.

"Ameenda senta kupeleka majani ya chai."

"Na hii asali umetoa wapi?"

"Imenunuliwa Ndanai."

"Kwa nani?"

"Kwa mzee ya kofia."

Hukupepesa jicho. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, mikono inanuka moshi wa mizinga. Askari alipoondoka nilikubeba mabegani nikakuzungusha boma zima. Nikakuita hodari, nikakupa sega zima peke yako, ndugu zako wakalia. Nimefanya mambo mengi ya aibu katika maisha yangu, mengine mama yako anayajua na mengine hayajui, lakini siku hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Nilimfundisha mtoto wa miaka minane kunisimamia langoni kwa uongo, nikamlipa kwa asali ileile. Unisamehe.

Sasa nikwambie ya baraza, maana wewe unakwenda kusomea misitu, na siku moja utasimama mbele ya wazee kama sisi ukiwa na karatasi mkononi.

Ilikuwa mwaka huohuo. Foresta wa wakati ule, msimamizi wa msitu wetu, alikuwa kijana wa mbali, suruali imepigwa pasi mpaka inasimama. Alikuja kwa chifu na karatasi kubwa yenye ramani, akaitandaza mezani, akaweka mawe pembe nne. Akatueleza kwamba serikali inaandika mpango wa msitu wa miaka kumi. Mpango huo utasema ni upande gani upandwe miti ya mbao, upande gani uachwe kama Mungu alivyouweka, na ni wapi wananchi wataruhusiwa kuingia kwa kibali. Kabla hajaandika, alitaka kutusikia.

"Wazee, mimi nauliza tu," alisema. "Kwa hii upande yenu, watu wanatumia msitu namna gani? Kuni? Maji? Asali? Dawa? Mseme tu, mimi naandika."

Lilikuwa swali zuri. Leo naona hivyo. Lakini nyuma yetu, wameegemea ukuta, walisimama askari watatu wa msitu, walewale wa kuja malangoni, na fimbo zao. Chifu alikuwa ameketi mbele. Katika wazee wote waliokuwa pale hakukuwa na mmoja ambaye hakuwa na kitu chake mle msituni. Arap Chumo, yule jirani yetu wa chini anayecheka kwa mabega, alikuwa amelisha ng'ombe wake huko asubuhi ileile. Nani angesimama aseme? Ilikuwa sawa na kunyoosha mikono utiwe pingu.

Basi wakageuka wote wakaniangalia mimi. Nilikuwa nimefanya ukarani wa mizani kwenye shamba kubwa la chai kabla sijapanda yangu, na Kiswahili changu kilikuwa kinatembea vizuri kuliko chao. Nikasimama. Maneno yangu nayakumbuka yote.

"Bwana foresta, hapa kwetu hakuna mtu anaingianga msituni. Sisi ni watu ya chai na ng'ombe. Msitu ni ya serikali, na sisi tunaheshimu serikali."

Wakapiga makofi. Hata askari walitabasamu, maana walijua.

Mtu mmoja tu aliinua mkono: Mama Kerubo. Wewe unamjua kama jirani wa kutuletea ndizi, lakini wakati ule watu wengine walikuwa bado wanamwita mgeni. Mume wake alitoka Kisii kuja kuchuma chai ya kampuni, akanunua ile nusu ekari iliyopakana na yetu, akafa, yeye akabaki.

"Mimi nataka kusema kidogo," akaanza. "Hiyo maji ya Januari, kisima zikikauka, sisi wamama tunatoanga wapi, kama si..."

"Mama, keti," arap Chumo akamkata. "Wewe umekuja juzi."

Alikuwa ameishi hapa miaka kumi na miwili. Akaketi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu nilikuwa nimeshinda na sikutaka ushindi wangu uharibiwe. Kijana wa suruali ya pasi aliandika maneno mawili kwenye karatasi yake, akapiga mstari chini yake, akakunja ramani. Kogo, bibi yako, alikuwa ameketi nje ya uzio na wanawake wengine wakipukuchua maharagwe. Hakuna aliyewaita ndani kuwauliza. Wiki hiyohiyo wazee wakanipa uenyekiti wa kamati ya dipu ya kuogeshea ng'ombe, na nikaufurahia sana.

Ninachotaka ujue ni kwamba hatukuwa wajinga na hatukuwa watu wabaya. Tulidhani amekuja kutukamata, kumbe amekuja kuuliza. Naye alidhani tumejibu, kumbe tumejificha. Kila upande ulirudi nyumbani umeridhika.

Mpango ulipokuja, upande wetu kwenye ramani ulikuwa mweupe kabisa. Pengine pote palikuwa na alama: hapa malisho, hapa njia, hapa kuni za kibali. Kwetu hapakuwa na kitu. Na mahali pasipo na mtu, serikali ikaona ndipo pazuri pa kupanda saipresi za mbao. Wakachimba mtaro, wakavuta waya, wakapanda miche kwa mistari mpaka ukingoni mwa chemchemi yenyewe tunakochota maji. Miaka miwili ya kwanza askari walikuwa wachache na watu walipita chini ya waya usiku na mchana. Baadaye wakaongezwa.

Ukiwa darasa la saba walimkamata Kogo. Ulirudi shuleni ukakuta hayupo, tukakuambia ameenda Sigor kwa wajomba zangu. Alikuwa kwenye kituo cha msitu, ameketi kwenye benchi la mbao, mzigo wa kuni kavu chini ya miguu yake na mtungi wa maji ubavuni. Nilikwenda mbio. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, maana nilijiona mwenyekiti, mtu wa maana. Nikamwambia foresta kwamba huyu ni mama mzee, amepanda njia ile tangu akiwa msichana, kuni zenyewe ni za kuokota, na serikali gani inafunga mtu kwa maji.

Yule kijana hakukasirika. Nadhani ningefurahi zaidi kama angekasirika. Alifungua kabati, akatoa faili, akaigeuza upande wangu na kuweka kidole.

"Mzee, mimi niliuliza," akasema. "Soma hapa. Upande huu, hakuna matumizi. Hii ni maneno yako wewe. Lokesheni ingine walisema wako na njia ya maji, na njia niliwaachia. Sasa mimi ningejuaje?"

Nikainamisha kichwa. Kogo hajui Kiswahili kingi, lakini kile cha kidole kwenye karatasi na mwanawe kuinamisha kichwa alikielewa. Nililipa faini tukatoka. Tukatembea mpaka kwenye daraja la magogo. Pale akasimama.

"Maji niliyokuogesha siku uliyozaliwa yalitoka kule juu," akaniambia. "Ukamwambia yule kijana kwamba hayupo anayepanda."

Akanipa mtungi niubebe. Ulikuwa mtupu, askari walikuwa wameyamwaga. Nikaubeba hivyohivyo mpaka nyumbani, na watu wakaniona.

Chelangat, mimi nimeshaombwa radhi na watu na nimeshaomba radhi, lakini kwa mama yangu nilishindwa. Kila nilipofungua mdomo ilitoka sababu badala ya samahani: askari walikuwepo, wazee ndio waliotaka, hata wewe Kogo usingesema. Yeye alinisikiliza na kuendelea kusugua kibuyu chake cha maziwa ya mursik. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba alikuwa ananingoja nimalize sababu zangu. Siku sababu hizo zilipokwisha nikamwambia tu, "Mama, nilikosa." Akasema, "Sasa utafanya nini?" Hakuniuliza nimejisikiaje. Mpango ulikuwa wa miaka kumi na ilikuwa imebaki kama nusu.

Nimeungoja huo mpango uishe kuliko nilivyongoja kitu chochote, hata bonasi ya chai.

Umeisha. Ile karatasi uliyoiona imebandikwa kwa chifu baada ya mvua ya Elnino, ambayo ulinisomea ukidhani macho yangu yamechoka, nilikuwa nimeshaisoma mara nne. Nilitaka niisikie kwa sauti yako. Mpango wa msitu unaandikwa upya, wananchi watoe maoni yao, mkutano ni kesho saa nne.

Foresta tuliye naye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, si mwepesi wa maneno. Mwezi uliopita nilipanda kituoni kwake, nikaketi kwenye benchi lile la Kogo kwa makusudi.

"Ukitaka kusikia ukweli kwetu," nikamwambia, "hao askari wasisimame nyuma yetu."

Akafikiri. "Hiyo naweza, mzee. Watabaki huku. Lakini na mimi nikwambie. Nikisikia kosa, siwezi kuziba masikio. Mimi bado ni foresta."

"Sijakuomba uzibe," nikasema.

Nikashuka. Sikupenda jibu lake, ila nilimpenda kwa kulitoa. Wewe utakapokuwa na kiti hicho, usiwaahidi watu usichoweza kukitoa ili tu wakufungulie mdomo.

Tangu siku hiyo mimi, Kogo na Mama Kerubo tumekuwa tukiitembea njia ile. Ndiyo maana umeniona narudi na matope mpaka magotini na sina jembe. Nilichukua kamba ya katani niliyoipima kwa hatua zangu, na daftari la kuandikia orodha ya yote tunayotumia, nikijiona mpimaji mkubwa. Kogo alinivunja kiburi asubuhi ya kwanza tu. Nilipoandika mahali pa kuchota akasema hapana, pale ni pa ng'ombe, watu wanachota juu kidogo penye jiwe. Nilipoandika mti wa dawa ya kifua akasema huo si wenyewe, huo unaharisha watu. Miaka arobaini na minane nimeishi chini ya msitu huu, na kumbe nilijua miti saba yenye mizinga yangu na njia za kuifikia kwa kujificha. Njia ya maji walikuwa nayo wanawake, na sikuwahi kuwauliza hata mara moja. Kama ningeruhusiwa kukupa jambo moja tu la kubeba, ningekupa hilo: ukishawasikia wazee, toka nje ya uzio uone ni nani anapukuchua maharagwe.

Tulipofika penye chemchemi nilipiga magoti. Zamani maji yalifika gotini, ukipitisha mkono unaona vidole vyako chini kabisa. Sasa yanafunika kifundo cha mguu tu. Saipresi zimekua pande zote, zinakunywa, na chini yake hakuoti kitu. Mama Kerubo alisimama akiangalia, halafu akaniuliza bila hasira, "Baba Chelangat, ile siku ningemaliza kusema, unafikiria hii miti ingekuwa hapa?"

"Haingekuwa," nikamjibu.

"Basi siku ya mkutano nimalizie," akasema. Atasema kesho. Nimempa nafasi yake katika orodha ya wasemaji, na atakayemwambia keti atakutana na mimi.

Sasa hapa ndipo penye ugumu, na ndipo ninapotaka unielewe. Juzi jioni arap Chumo na wazee watatu walikuja. Uliwapikia chai mwenyewe. Ulipotoka kukamua, wakaniambia walichokijia. Wamesikia fununu kwamba sehemu za msitu zitakatwa zigawiwe watu, na kwamba watakaotambuliwa kuwa watumiaji ndio watakaopata.

"Ile siku ulisema hakuna," arap Chumo akaniambia. "Sasa sema iko. Sema tunatumia yote, mpaka ng'ambo ya mto. Malisho, makaburi ya wazee, kila kitu. Wewe unajua kuongea."

"Ng'ambo ya mto sijawahi kufika," nikasema. "Na wewe hujafika."

"Nani atajua?"

Nikamwambia kwamba mara ya kwanza tulisema hatupo kwa kuogopa, sasa anataka tuseme tupo kila mahali kwa tamaa, na mara zote mbili chemchemi ni ileile inakauka. Nilipandisha sauti, ulinisikia mpaka zizini, ukaja kuchungulia nikakuambia ni habari za dipu. Akasimama na kuninyooshea kidole. Akasema nikisoma orodha yangu nisiwahesabu wao, na uenyekiti nisahau, na kama foresta atanifunga nisitegemee mtu wa kuja kunitoa. Wakaondoka bila kumaliza chai. Mama yako alizimwaga zile chai na kuosha vikombe kwa kelele nyingi. Kisha akaja akaketi karibu nami, akasema, "Mizinga saba. Usiseme sita." Hivyo ndivyo mama yako anavyosema yuko nami.

Sitataja jina la mtu yeyote, Chelangat. Nitasema yangu tu. Ng'ombe za arap Chumo atazisema mwenyewe siku akipata moyo. Lakini ya kwangu nitayasema yote, pamoja na lile ambalo hata wewe hulijui. Nguzo nne za nyumba hii uliyozaliwa ndani yake ni za mtarakwa. Nilikata mti huo na marehemu babu yako, mchana, siku ya mvua ili shoka lisisikike. Ulikuwa mti mkubwa kuliko yote upande huu. Nilipokuwa kijana nilijisifu kwamba nguzo hazitaliwa na mchwa. Hazijaliwa, na kila nikiegemea mojawapo nakumbuka ilikotoka.

Mambo tunayoyaomba ni matatu na ni madogo. Saipresi zilizozunguka chemchemi ziondolewe na miti ya asili irudi. Njia ya wanawake iandikwe kwenye ramani, ifunguliwe kwa siku zitakazokubaliwa, kwa maji na kuni kavu. Mizinga iandikishwe na wenyewe walipie kibali, ili mtu asimfundishe tena mtoto wake habari za mzee wa kofia. Nikifungwa kwa ajili ya mtarakwa, nifungwe. Nimekwisha kuongea na mama yako nani atasimamia uchumaji. Siendi pale kutafuta kusifiwa kama siku ile. Naenda kwa sababu karatasi ile itakaa miaka kumi mingine, na Kogo hana miaka kumi mingine ya kungoja.

Naogopa, sitakuficha. Lakini ni hofu yenye faida, tofauti na ile ya kwanza. Ile ilinifunga mdomo halafu ikanipa makofi. Hii inaniamsha asubuhi nikasome orodha tena kuona kama nimetia chumvi mahali.

Wewe utakuwa upande wa pili wa meza. Utavaa hizo nguo za kijani, na siku moja mtu wa umri wangu atasimama mbele yako, atoe kofia, akuambie kwa Kiswahili kizuri kwamba kwao hakuna anayeingia msituni. Usimwandike upesi. Usimwite mwongo pia, maana huenda ana mama nyumbani. Mwombe akupeleke mahali anapochota maji. Tembea naye. Ukiona njia imekanyagwa mpaka ikawa ngumu, utajua kuna watu, hata kama hakuna aliyefungua mdomo.

Nasikia mnakuja, mnacheka huko njiani, na sauti ya Kogo iko juu ya zenu zote. Sina muda mrefu. Kesho alfajiri nitakubebea sanduku mpaka barabarani. Sitapunga mkono sana, usidhani sijali. Nitarudi haraka kumchukua bibi yako, kwa sababu anatembea polepole siku hizi na hataki kubebwa, na amesema hataketi nje ya uzio safari hii. Amesema atasema wa kwanza, kwa Kikipsigis, na mimi nitamtafsiria. Nimemwahidi kutopunguza neno.

Ukurasa wangu wa kusoma baada yake nimeshauandika. Unaanza hivi: "Miaka kumi iliyopita nilisimama hapa nikasema hakuna mtu anayeingia msituni. Nilidanganya. Mimi naingia. Mama yangu anaingia. Njia yetu ni hii."

Nilikuwa nimepanga kwamba foresta mwenye mvi ndiye atakuwa mtu wa kwanza wa serikali kuyasikia maneno hayo kutoka kwangu. Kisha leo asubuhi, ulipokuwa umesimama mbele ya kanisa na pasta akasema binti huyu anakwenda kuwa foresta, nikaona si haki. Basi umeyasikia wewe kwanza.

Asali ile ule na wenzako, usiifiche chini ya kitanda. Na wakikuuliza imetoka wapi, taja jina langu.

Saisere, kwaheri mwanangu.

Baba yako,
Joel arap Tonui